Gari Lisilo na Abiria: Land Rover ya Matofali Ilipofika Mikumi

Blogu hii imezoea kuhakiki vitabu, kwa hiyo nianze kwa kuwatoa wasiwasi wasomaji: ninachokihakiki leo nacho kina kitabu ndani yake. Kinene kweli, kinazidi riwaya nyingi tunazozijadili hapa, na ukiacha kurasa chache za mwanzo hakina neno hata moja. Picha tupu. Unaanza na mfuko namba moja, unaendelea mfuko kwa mfuko kama sura kwa sura, na mwisho wa hadithi umeshauona siku nyingi juu ya boksi. Sijui ni mtunzi gani wa riwaya angethubutu hivyo.

Jina la kazi yenyewe ni Land Rover Classic Defender 90. Ni seti ya matofali ya LEGO, namba 10317, iliyotoka mwaka 2023 Land Rover ilipotimiza miaka 75. Ina vipande 2,336. Boksi lina alama ya 18+. (Usiwe na mawazo mabaya; maana yake ni kwamba uvumilivu wa mtoto hautoshi.) Tangu mwaka 2020 kampuni hiyo ya Denmark imekuwa ikiwaita watu wazima waziwazi, kwa seti zinazokuja kwenye maboksi meusi: maua ya kuweka kwenye chombo yasiyohitaji maji, meli ya Titanic yenye vipande 9,090, Mnara wa Eiffel wenye vipande 10,001. Huko kwenye hela zao, watu wa makamo wanajenga jioni baada ya kazi, wakimaliza wanaweka kabatini na kufuta vumbi. Wana majarida yao na mikutano yao, na wanahakiki seti kama sisi tunavyohakiki diwani za mashairi, kwa ukali uleule na ugomvi uleule.

Hii ninayoizungumzia ililetwa na shangazi yangu aliyeko Uingereza. Haikuwa yangu. Alimletea kaka yake, yaani baba, akidhani anamletea kitu cha kujiliwaza. Kumbe amemletea kesi.

Baba alikuwa dereva wa serikali Kilosa kwa miaka ishirini na mbili. Alianza na Land Rover 109, ile ya zamani ya petroli, akamalizia na 110. Sasa anaishi Mikumi, nyumba yetu haiko mbali na barabara kuu ya kwenda Iringa, na usiku unasikia malori yakishusha gia. Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi. Anatembea, anaongea vizuri, ila mkono wa kushoto unamtii nusu nusu. Vitabu nilivyompelekea vyote alivipokea kwa heshima na kuvirundika chini ya redio. Boksi la shangazi alilifungua siku ileile. Akaitazama mifuko, akatikisa kichwa. Shangazi alipopiga simu kuuliza kama zawadi imefika, akamjibu, "Imefika, ila ni mtumba. Wameivunjavunja."

Tulijenga usiku tisa, barazani. Mimi nilikuwa mkono wa kushoto.

Sasa tuseme ukweli kuhusu ujenzi, maana uhakiki lazima uanzie hapo. Ni kazi nzuri mno. Unaanza na chesesi na springi, kama fundi anavyotakiwa kuanza, na mpaka usiku wa tatu hakuna kitu cha kumpendeza mgeni anayepita. Ni mifupa tu. Usukani unazungusha magurudumu ya mbele. Ukiikandamiza inashuka na kurudi. Baba aliikandamiza kwa kidole gumba upande wa dereva, akaachia, akakandamiza upande wa pili, akaachia. Akasema, "Hawa wamelala chini ya gari." Kwa mtu wa gereji hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa.

Nami naongeza sifa yangu. Magari mengi ya matofali yana aibu fulani: gari halisi lina mikunjo na matumbo, tofali lina kona, na mjenzi anahangaika kuficha kona hizo. Land Rover haina shida hiyo. Ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kikiwa cha mgao, na bodi yake ikatengenezwa kwa mabati ya alumini yaliyonyooka, mengi yakikunjwa kirahisi bila mashine kubwa. Lilikuwa gari lililochorwa kwa rula. Kwa hiyo kulitafsiri kwenye matofali ni kulirudisha kwenye lugha yake. Hata rangi waliyoichagua, kijani kilichochujuka kama shati la skauti la kaka mkubwa, inakaribia ile ya Land Rover za mwanzo, ambayo inasemekana ilikuwa rangi iliyobaki kwenye ndege za kijeshi.

Na kile kitabu kisicho na maneno. Kurasa zake za mwanzo zinasimulia gari lilikotoka, kwa Kiingereza, na baba alizipita kama anavyopita matangazo ya vifo vya watu asiowajua. Lakini alipofika kwenye picha alitulia. Huyu ni mtu wa darasa la saba na Kiingereza cha gereji. Anaweka kidole kwenye picha, anahesabu vinundu, anatafuta kipande kwenye sinia la mchele, anakipata, anakipachika, tik. Akikosea anarudi kurasa tatu nyuma bila kulaumu mtu. Sijawahi kumwona akisoma hivyo. Nimehariri vitabu vya kiada vinavyoandikwa na watu wenye shahada, vyenye maelekezo ambayo mwalimu mwenyewe anayarudia mara nne, nikawa najiuliza pale barazani ni lini na sisi tulimheshimu msomaji kiasi hicho.

Basi. Hizo ndizo sifa. Kesi ilianza usiku wa saba.

Kwanza lilikuwa jina. "Defender ni nini?" baba aliuliza. Nikamweleza kwamba jina hilo walianza kulitumia mwaka 1990, kabla ya hapo lilikuwa Land Rover tu, na namba 90 inahusu urefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa inchi. Akasema anajua namba, ameuliza jina. Mtaani kwetu difenda ni neno lenye maana moja: polisi wamefika. Anayesema "wamempandisha difenda" hazungumzii utalii. Sina hakika kama mbunifu wa seti alijua kwamba kuna sehemu duniani ambapo jina lililoandikwa juu ya boksi lake linafanya vijana wa kijiweni wajipange upya. Si kosa lake. Lakini maneno yanasafiri, na yakifika yanapata kazi nyingine.

Pili ni huo urefu. Baba aliendesha 109 na 110, magari marefu. Aliitazama 90 kwa huruma kama anayetazama mbuzi aliyezaliwa kabla ya siku. "Hii fupi. Watu watakaa wapi?"

Halafu tukafika kwenye mapambo. Sehemu ya mwisho ya seti inakupa uhuru wa kuchagua: unaweza kuliacha gari kama lilivyotoka kiwandani, au kulivisha kwa safari ngumu. Kuna winchi ya mbele. Kuna keria ya juu yenye mizigo. Kuna madumu, boksi la spana, chombo cha kuzimia moto, mabamba ya kuweka chini ya tairi ukikwama, na ule mkonga, bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele ili gari lipumue likiwa kwenye maji. Hapa kwetu mkonga ni cheo. Land Cruiser yenye mkonga si sawa na isiyo nao, hata kama haijawahi kuvuka zaidi ya dimbwi la mbele ya ofisi.

Tuliviweka vyote. Tukalisogeza katikati ya meza. Lilipendeza, sitadanganya. Baba akalizunguka kwa macho, akauliza:

"Anakwenda wapi huyu?"

"Safari, baba."

"Anampeleka nani?"

Nikaangalia picha ya boksi. Sikuwa na jibu. Hakuna mtu. Vipande 2,336 na hakuna hata sanamu moja ya mtu, si dereva, si abiria.

Najua watakachonijibu mashabiki: ni suala la kipimo. Gari hili lina urefu wa sentimita 32 hivi, na vile vikaragosi vya LEGO vya kawaida, vyenye vichwa vya njano, vingeonekana kama panya kwenye kiti. Nakubali. Lakini vitu navyo ni wahusika. Mwandishi akikuonyesha chumba chenye jembe na taa ya koroboi, hana haja ya kukwambia nani anaishi humo. Ukiyasoma mapambo ya Defender 90 kwa jicho hilo, mwenye gari anajitokeza vizuri tu: ni mtu mwenye muda, anayekwenda porini kwa sababu anapenda, na anayebeba mafuta yake, maji yake na zana zake ili asimhitaji yeyote njiani. Gari limesheheni na bado ni tupu.

Sasa chukua Land Rover ya Kilosa. Barabara ya baba ilikuwa ile ya kutoka Kilosa kuja Mikumi, inayopita kata ya Ulaya. Ndiyo, Ulaya; sisi tunayo, iko njiani, na kabla shangazi hajapanda ndege watu walikuwa wakienda Ulaya na kurudi siku hiyohiyo kwa baiskeli. Wakati wa masika barabara hiyo ilikuwa uji. Gari la idara lilibeba mkuu wa idara mbele, na nyuma, kwenye mabenchi mawili yanayotazamana, magoti yakigusana, lilibeba kila kitu ambacho wilaya ilikuwa nacho cha kubeba: mbegu za mahindi, boksi la barafu lenye chanjo, mwalimu aliyehamishwa na godoro lake, mama mwenye uchungu anayewahishwa hospitali, kuku wa mama huyohuyo wiki tatu baadaye kama asante. Mara mojamoja lilibeba maiti, na hapo wote walioomba lifti walikaa kimya mpaka Kilosa. Baba anasema hakuna kitu kinachomfundisha dereva kuendesha polepole kama maiti na mayai.

Na huo mkonga. Land Rover ya petroli haikuwa nao, anasema. Mkifika mtoni unalegeza mkanda wa feni, ili feni isirushe maji kwenye plagi na waya. Unafunika mbele ya injini kwa gunia. Halafu utingo anavua viatu, anakunja suruali na kutangulia na fimbo kupima kina, dereva akimfuata nyuma kwa gia ya kwanza bila kuachia mafuta. Maji yakimfika utingo kiunoni mnarudi. "Mkonga wetu ulikuwa mtu," alisema. Utingo wake huyo ni marehemu sasa. Baba alikuwa akiliangalia lile bomba jeusi la plastiki wakati anasema, na sikutaka kuuliza zaidi.

Hapo ndipo nilipoona kasoro ya kazi hii, ambayo naamini ni kasoro ya seti nyingi za watu wazima. Zinauza kumbukumbu, na kumbukumbu wanazoziuza ni za mmiliki. Bei yenyewe inaeleza: ilipotoka ilikuwa dola 240 hivi Marekani, kwa hela yetu ni laki sita kwenda juu, na kwa laki sita hapa Mikumi unapata tripu za matofali ya kuchoma, yale ya kujengea nyumba ya kulala. Anayeweza kutoa hela hiyo kwa gari la mezani ni mtu aliyelitamani gari halisi akalipata, au aliyelitamani akalikosa. Baba hayumo kwenye makundi hayo. Nilipomuuliza kama aliwahi kutaka kununua Land Rover yake, serikali ilipokuwa inauza chakavu, alishangaa. "Ya nini? Nilikuwa nayo." Hakuwa akiimiliki, alikuwa nayo. Kiswahili kinatofautisha mambo hayo mawili, na boksi la 18+ linajua moja tu.

Msinielewe vibaya, mapenzi ya watu kwa magari haya siyo ya kizungu peke yake. Oktoba 2024 Land Rover zilikusanyika Arusha kwa tamasha lake, kwa nia ya kuvunja rekodi ya dunia ya msafara iliyokuwa inashikiliwa na Ujerumani. Ukiangalia picha za siku ile unaona mikweche iliyofungwa kwa waya ikipita pamoja na zile za watalii zilizosafishwa mpaka tairi. Kila moja imejaza watu mpaka juu ya paa. Hiyo ndiyo picha ambayo ningependa mbunifu wa seti aione.

Kwa kulinganisha, mwaka huohuo wa 2023 LEGO walitoa treni ya Orient Express, vipande 2,540, na hiyo ina watu: vikaragosi wanane, behewa la chakula, behewa la kulala. Kwa hiyo watu wanajulikana kuwekwa, panapotakiwa. Ni treni ya wasafiri wa kitanda na kitambaa cheupe mezani. Mimi nilikulia karibu na stesheni ya Kilosa, kwenye Reli ya Kati, na treni ninayoikumbuka ilikuwa inaanzia nje: mikono ikinyanyua mabeseni ya mayai na ndizi kuelekea madirishani, na mikono mingine ikishuka na sarafu. Kama hujajenga mabeseni hujajenga treni. Naomba radhi kwa kudai hivyo kwa mkazo, lakini kwenye hili sina msimamo wa kati.

Nigusie kwa haraka seti nyingine ndogo, kwa kuwa niko Mikumi na itaonekana ajabu nisiiguse. Inaitwa Wild Safari Animals, namba 31150, ya mwaka 2024. Si ya kundi la 18+, ila watu wazima wanainunua. Vipande vilevile vinakupa twiga, au swala wawili, au simba, kimoja kwa wakati mmoja. Twiga ni mzuri, shingo inageuka. Ila ukitaka simba lazima twiga avunjwe. Sijui kama walikusudia, lakini hakuna kitu cha kweli zaidi kuhusu mbuga yetu kilichowahi kuwekwa ndani ya boksi. Kilichokosekana ni barabara. Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inaikata katikati, malori usiku na mchana, na mabango yanayokutajia faini ya kila mnyama utakayemgonga. Mnyama wa Mikumi asiye na lori pembeni ni mnyama wa kalenda.

Kuna mtu atasema ninaidai plastiki mambo yasiyoiwezekana. Ndiyo maana nataka nimtaje Ekow Nimako, msanii wa Kanada mwenye asili ya Ghana, ambaye anatumia matofali haya haya, meusi tu. Kazi yake ya Kumbi Saleh 3020 CE ilionyeshwa Toronto kwenye Jumba la Makumbusho la Aga Khan. Ni mji mzima, umetokana na ule mji mkuu wa dola ya kale ya Ghana, ila ameupeleka miaka elfu moja mbele yetu, kwa vipande vipatavyo laki moja. Nimeuona kwa picha tu. Hakuna kijitabu cha hatua kwa hatua, hakuna picha ya boksi inayokuambia mwisho. Tofali halina ubaguzi, linabeba unachokipandisha. Tatizo ni nani anayepanga mizigo.

Na hapa kuna jambo ambalo seti inastahili pongezi, nalo halimo kwenye matangazo yake. Nilipokuwa mdogo, kwenye marobota ya mitumba kulikuwa na midoli, na mama aliwahi kutuletea kopo la matofali ya LEGO ya kila rangi, yamechubuka, mengine yana alama za meno ya watoto tusiowajua. Bado ninayo machache. Usiku wa nne kipande kimoja cha gari kilianguka kwenye ufa wa sakafu ya baraza kikagoma kutoka. Nikaenda kuleta kopo. Tofali jekundu la mtumba, mzee kuliko ndoa yangu, likaingia kwenye chesesi ya 2023, tik, kama lilikuwa linasubiriwa. Liko humo mpaka sasa, halionekani. Mfumo huu wa vinundu juu na mirija ndani ulisajiliwa Denmark tarehe 28 Januari 1958, na kipimo hakijabadilishwa tangu hapo. Tofali la wakati ule linashikana na la leo.

Baba alilifikiria hilo muda mrefu. Mtu wa Kilosa na Mikumi hawezi kusikia habari ya vitu vinavyoingiliana bila kuwaza reli. Reli ya Kati, aliyoijenga Mjerumani, ina upana wa milimita 1,000. Kutoka Kilosa linachepuka tawi linalopita hapa Mikumi mpaka Kidatu, kwenda kukutana na TAZARA. Na TAZARA ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, upana wa kiganja changu bila dole gumba, na kwa ajili ya kiganja hicho behewa la huku haliwezi kuendelea kule. Mzigo unashushwa Kidatu na kupakiwa upya. Sasa imekuja ya kisasa, milimita 1,435, treni ya umeme inapita Kilosa tangu 2024 ikienda Dodoma, na tumefurahi kweli, ila nayo haiingiliani na yoyote kati ya hizo mbili. "Hiyo kazi ya reli," baba akasema, "wangewapa hawa watu wa midoli."

Je, inafaa kununua? Kama una laki sita zisizo na kazi na mzee aliyewahi kushika usukani, nunua, na usimjengee, kaa upande wake dhaifu ushike kipande. Kama unataka tu gari la kuweka sebuleni, kuna seti nyingine ya LEGO ya familia ya Technic, namba 42110, ya mwaka 2019, ile Defender mpya, ambayo ina giaboksi ya gia nne na pistoni zinazopanda na kushuka. Hii ya Icons injini yake ni ya kutazama tu, na baba aliifungua boneti mara moja, akaifunga, hakurudi tena. Ukiziona Kariakoo kwa bei ya nusu, angalia vizuri. Hataza ya tofali lenyewe ilishaisha muda, kampuni nyingine zina haki ya kutengeneza tofali linaloingiliana, lakini kuiga seti nzima na picha ya boksi ni wizi, na nyingi hazikai. Tik yake ni ya uongo.

Usiku wa tisa tulipomaliza, tuliliweka gari mwisho wa meza, na meza yetu ya barazani imeinama kidogo kuelekea bustanini. Likaanza kutembea lenyewe. Nikalidaka. Baba hakushtuka.

"Kabari iko wapi?" aliuliza.

Nikamwambia kwenye kitabu hakuna kabari. Akanitazama kama nimemwambia kwenye gari hakuna usukani. Breki ya mkono ya Land Rover, alinieleza, ni ya kumwamini Mungu; ukisimama kwenye mteremko utingo anaruka chini na kabari kabla hujazima injini, na utingo asiye na kabari anarudi kwao kwa miguu. Akaomba sinia la mchele. Akaanza kuondoa vitu: keria, madumu, mabamba, na mwisho mkonga, akiuzungusha taratibu kwa mkono wa kulia mimi nikiwa nimeshikilia bodi. Vyote akavirudisha kwenye sinia. Akatafuta humo vipande vitatu, viwili vyenye mteremko na kimoja bapa, akavipachika, akavisukuma chini ya tairi la nyuma. Nikaachia. Gari likakaa.

Sasa liko juu ya kabati la vyombo, linatazama dirisha la barabarani. Watoto wa jirani wakija kusalimia wanaruhusiwa kulishika, ila lazima wawe wawili, mmoja wa gari na mmoja wa kabari.